Mistari Mitatu ya Kijani

Mwezi wa sita, kusini mwa Mto Manjano,
mama yangu, Qiao Suyun, aliamka na jembe begani
na neno moja mdomoni: mpaka.
Geng Baoshan alikuwa amepanda mahindi hadi kwenye kigingi,
majani yake yakilalia karanga zetu
kama wageni waliokaa bila kukaribishwa.

Karanga zenyewe zilikuwa hoi.
Jani changa manjano, mishipa tu imebaki kijani,
unaihesabu kama ya mkono wa mgonjwa.
Mama alitia mbolea. Akatia samadi. Akatia maji.
Akamtukana muuza mbegu wa Kaifeng
hadi simu ikazima.

Mimi nilikuwa nimetoka chuoni juzi,
ulimi bado una joto la mtihani.
Nikamwambia: hii ni njaa ya chuma.
Akagonga bapa la jembe kwa ukucha, ng'o.
"Chuma? Humu? Udongo huu
hata jembe ukilisahau usiku mmoja, unalivika kutu."

Alisema kweli. Chuma kimo, tele,
ila chokaa imekifumbata na haiachii.
Kisima kimejaa; kamba ndiyo fupi.

Tukachuchumaa. Nikamweleza nilivyoweza:
jani hupeleka habari chini, huku juu tunapauka,
na mzizi, gizani, huanza kazi.
Mzizi wa karanga hutema siki yake mchangani,
hukivua chuma joho la kutu,
kisha hukifungulia mlango mwembamba.
Lakini chokaa yetu huinywa siki yote
na kungoja nyingine.

Na mlango ule, mama, hauachwi wazi.
Chuma kisicho na mlinzi ndani ya kitu kilicho hai
ni kaa la moto kwenye godoro.
Kinachoipa jani rangi ndicho kiwezacho kuliunguza.
Kwa hiyo mzizi ukishiba
hung'oa mlango wake wenyewe,
huuvunjavunja, huumeza.
Kilichozidi hukihifadhi katika vijungu vya mviringo,
vidogo kuliko vumbi la vumbi,
hadi siku ya haja.

Mama akanyamaza kidogo.
"Kumbe una akili kuliko mjomba wako," akasema,
"yeye hajui kufunga mlango wala chupa."
Akainuka kwenda kung'oa mahindi ya watu.

Geng, kule ng'ambo, alipoliona lile jembe
alijua chuma chake ki motoni.

Ndipo mama akasimama.
Mistari mitatu ya karanga, ile iliyogusana na mahindi,
ilikuwa kijani.
Si kijani cha kusingiziwa. Kijani cha kujitapa.
Mstari wa nne umepauka nusu. Wa tano, manjano, na kuendelea.
Alipiga magoti, akachimbua kwa vidole,
akainua bonge moja: mizizi ya Geng na yetu
imesukana, huwezi kusema huu wa nani.

Mahindi hayatemi siki. Yana werevu mwingine:
hutupa nje ndoana tamu, zisizoonekana,
zikakikamata chuma na kurudi nacho nyumbani.
Baadhi hupotea njia usiku.
Karanga haiulizi ndoana ni ya nani.

Mama alilishika lile bonge muda mrefu
kuliko alivyowahi kunishika mimi mbele za watu.
Kisha akalirudisha, akalishindilia kwa kiganja,
akalimwagia chai iliyobaki kwenye chupa.

Mwezi wa tisa alichemsha bakuli la karanga za mistari mitatu,
chumvi na nyota ya badiani,
akaliweka juu ya ukuta wa Geng, hakubisha hodi.
Asubuhi bakuli lilirudi, limeoshwa,
ndani yake kiganja cha mbegu za mahindi.

Hakusema asante. Naye Geng hakusema.
Alitia mbegu mfukoni, akachukua kamba,
akaenda kuupima mpaka.
Mara mbili.